Siku ya tatu imepita: jembe la wasichana wa Sayansi ya Michezo liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ulioanzishwa na makala ya ukurasa wa michezo wiki mbili zilizopita. Makala hiyo iliuliza kwa nini wasichana ni wachache katika kozi za michezo za vyuo vikuu vyetu, wakati Uganda inajiandaa kuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027 pamoja na Kenya na Tanzania. Mwandishi alilijibu swali lake mwenyewe kwa haraka mno: wasichana, alisema, hawazipendi kozi hizo. Mimi nilisoma mojawapo, nikaimaliza, na sasa ninafundisha Elimu ya Viungo na Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Busia, masomo mawili ambayo mtaala mpya wa mwaka 2020 uliyafanya ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Ushahidi nilio nao ni tofauti, na hauhusu kupenda wala kutopenda.

Tulipoanza mwaka wa kwanza mwaka 2019, katika chuo ambacho sitakitaja kwa sababu naamini ninayoyaeleza yako katika vyuo vingi, tulikuwa wasichana saba katika darasa la watu hamsini na wanne. Siku ya kuvaa joho tulibaki wanne. Kati ya watatu walioondoka, hakuna aliyefeli mtihani. Mmoja alihamia masomo ya biashara, mwingine utalii, na wa tatu alikwenda kwao Arua likizo, asirudi tena. Nilipompigia simu kumwuliza kulikoni, alinijibu kwa sentensi moja ambayo sijaisahau: "Dada, pale nilikuwa nasindikiza."

Kila mtu aliyewahi kukaa kando ya uwanja anaijua maana ya neno hilo. Anayesindikiza amevaa namba, amepewa njia yake, anakimbia kwa miguu yake miwili kama wenzake, ila kila mtu, naye mwenyewe akiwemo, anajua kwamba mbio zile si zake. Hakuna aliyemfukuza uwanjani. Amepigiwa hata makofi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii imezoeleka kutumiwa kumsema mgeni aliyekaa mpaka akachosha, lakini mimi huitazama kutoka upande wa pili: jembe ndilo linalomfanya mgeni kuwa mtu wa nyumbani. Anayeendelea kutandikiwa mkeka na kuletewa chai hadi siku ya tisini, hata akiheshimiwa namna gani, anajua shamba si lake na mavuno hayatamhusu. Kwa miaka yote ya chuo mimi na wenzangu tuliheshimiwa hivyo. Nasema hili kwa haki kabisa, kwa sababu wavulana wa darasa letu hawakuwa wakatili. Tukienda kutoa vifaa stoo walituambia, "Dada, acheni, tutabeba sisi." Tukipanga mazoezi ya vitendo, msichana alikabidhiwa saa ya kupimia muda, ubao wa kuandikia na sanduku la huduma ya kwanza, kazi ambazo zinafanywa kwenye kivuli. Bado ninayo madaftari yangu. Manne yamejaa muda wa watu wengine, umeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri hadi sehemu ya mia ya sekunde. Muda wangu mwenyewe, wa kozi nzima, unatosha ukurasa mmoja.

Nitaeleza mambo mawili kwa ukaribu zaidi, kwa sababu ukiyasikia kwa juu juu utadhani ni malalamiko ya mtu anayetaka kubembelezwa.

La kwanza ni la maabara. Katika somo la fiziolojia ya mazoezi tulikuwa na mashine moja ya kukimbilia na mkanda mmoja wa kupimia mapigo ya moyo, ule unaofungwa kifuani, chini ya matiti, ukigusa ngozi. Kila wiki mhadhiri aliuliza nani atajitolea kupimwa, na kabla hajamaliza kuuliza kuna mvulana alikuwa ameshavua fulana. Sisi hatukukatazwa. Lakini hapakuwa na pazia wala chumba cha pembeni, na kujitolea kwetu kungekuwa kuvua mbele ya wavulana arobaini na saba, baadhi yao wakiwa na simu mkononi. Basi tukawa tunaandika. Namba za miili ya wavulana ndizo nilizochorea grafu, ndizo nilizofanyia mtihani, na ndizo nilizopatia alama nzuri. Mpaka leo, mimi mwenye shahada ya Sayansi ya Michezo, sijui mwili wangu unatumia oksijeni kiasi gani ninapokimbia kwa nguvu zangu zote. Pazia la mtumba kutoka soko la Owino lingetosha kulimaliza jambo hilo, na katika miaka yote ile halikununuliwa, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba linakosekana.

La pili ni la uwanjani. Mhadhiri wetu wa riadha alikuwa mtu mwema, na alimpenda marehemu John Akii-Bua mapenzi ambayo sijayaona kwa mwalimu mwingine yeyote. Alitusimulia Munich ya mwaka 1972: jinsi askari polisi kutoka Lango alivyopangiwa njia ya kwanza ya ndani, yenye kona kali kuliko zote, akashinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kuzimaliza mbio hizo chini ya sekunde 48, na kuiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Alisimulia mpaka vinyweleo vikatusimama. Kisha tukatoka nje kufanya mtihani wa vitendo, na viunzi vilikuwa vimepangwa kwa kimo cha sentimita 91.4, ambacho ndicho kimo cha wanaume katika mbio hizo, na sote tukaitwa kwa zamu kuviruka. Kimo cha wanawake ni sentimita 76.2. Viunzi vile vilikuwa vya kushushwa na kupandishwa: kuna kitufe ubavuni, unakibonyeza, unasukuma ubao chini, unasikia umeshika, umemaliza. Kwa viunzi vitano ni kazi ya dakika moja. Mkono wa kubonyeza haukupatikana. Niligonga vitatu, nikachubuka ugoko, nikapewa alama 11 kati ya 20, na pembeni ya karatasi mhadhiri aliniandikia: "Umejitahidi."

Neno hilo liliniuma kuliko ugoko. Nilijitahidi katika nini? Kwa vipimo vya shirikisho la riadha la dunia nilikuwa nimepewa mtihani wa mtu mwingine, na matokeo yake yakaingia katika rekodi yangu kana kwamba yanaeleza uwezo wangu. Sikulalamika. Mgeni hasemi kwamba chai ina chumvi.

Mwezi Agosti 2021 vyuo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, nami nilikuwa nyumbani. Mchana ule Peruth Chemutai, binti wa Bukwo, alipoupita mstari wa mwisho kule Tokyo katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, kwa dakika 9 na sekunde 1.45, baba yangu, mwanajeshi mstaafu ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alisimama akaipigia televisheni saluti. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki, na ilikuwa dhahabu. Usiku ule nilikwenda kusoma habari za mbio hizo na ndipo nikakutana na jambo ambalo mihadhara yetu yote ya riadha haikuwa imenigusia: kwamba mwaka 2005 mjini Helsinki, mbio hizo ziliposhindaniwa na wanawake kwa mara ya kwanza kabisa katika mashindano ya dunia ya riadha, aliyeshinda alikuwa Dorcus Inzikuru, mzaliwa wa Arua, West Nile. Yaani bingwa wa dunia wa kwanza kabisa wa kike katika mbio hizo alikuwa Mganda, na mimi, mwanafunzi wa riadha nchini Uganda, sikuwa na habari. Rafiki yangu aliyeacha chuo alitoka Arua hiyo hiyo. Huwa najiuliza kama ingebadilika chochote endapo siku ile, baada ya Munich, mhadhiri angetumia dakika tano zaidi kutupeleka Helsinki.

Vyuo vilipofunguliwa tena Novemba nilidhani viunzi vitashushwa. Niliwatazama wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakipewa mtihani ule ule wa vitendo. Sentimita 91.4.

Kuna watakaosema kwamba haya ni ya uwanjani tu, na kwamba darasani elimu ni moja kwa wote. Sivyo. Mwaka 2021 kikundi cha watafiti kilichapisha hesabu ya tafiti zaidi ya 5,000 zilizotoka katika majarida sita makubwa ya sayansi ya michezo kati ya mwaka 2014 na 2020, wakakuta kwamba wanawake walikuwa asilimia 34 tu ya watu waliopimwa, na kwamba tafiti zilizowahusu wanawake peke yao zilikuwa asilimia 6. Maana yake ni kwamba hata kitabu tunachokariri kimeandikwa zaidi kutokana na miili ya wanaume. Mfano mdogo: sote tulifundishwa kwamba ukitaka kukisia kasi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo wa mtu unachukua 220 na kutoa umri wake. Mwaka 2010 daktari wa moyo Martha Gulati na wenzake wa Chicago, waliowapima wanawake 5,437, walipendekeza hesabu nyingine kwa wanawake: 206, ukitoa umri uliozidishwa kwa 0.88. Chukua mama wa miaka 40 anayekuja kwenye kikundi cha mazoezi cha mtaani. Kwa hesabu ya kwanza moyo wake unatarajiwa kufika mapigo 180 kwa dakika, na kwa hesabu ya pili karibu 171. Ukimsukuma aifuate ya kwanza, utamwambia hajitumi vya kutosha wakati ameshafika mwisho wake. Mimi niliijua hesabu hiyo baada ya kumaliza chuo, kwa kusoma mwenyewe.

Ninaweza kuendelea na kano iliyo ndani ya goti, ile ya msalaba wa mbele, ambayo wachezaji wa kike huikata mara nyingi zaidi kuliko wa kiume katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Au na hedhi inayokatika kwa mkimbiaji asiyekula chakula cha kutosha kulingana na mazoezi yake, hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea tamko mwaka 2014 ikieleza kwamba inadhuru mifupa, moyo na mengine mengi, na kwamba hata wanaume inawapata kwa namna yao. Katika kozi yetu neno hedhi lilitajwa mara moja. Mhadhiri alikohoa, wavulana wakainamisha vichwa, tukafungua ukurasa uliofuata. Sasa mimi ndiye mwalimu ambaye wasichana wa kidato cha pili wanamfuata kumwuliza kama ni salama kukimbia siku hizo.

Kiswahili chetu, niseme hili kama mwalimu wa lugha, kina neema ambayo Kiingereza cha vitabu vyetu hakina: "yeye" hana jinsia, na "amefika" haituambii kama aliyefika amevaa sketi au suruali. Ila lugha haimalizi kazi peke yake. Muhula uliopita niliwaambia wanafunzi wangu wachore kocha. Kati ya michoro thelathini na minane niliyokusanya, thelathini na mitano ilikuwa na ndevu au kofia au vyote viwili, na wasichana walizitia ndevu hizo wino kwa bidii ile ile ya wavulana. Nikawaonyesha picha ya Salima Mukansanga wa Rwanda, aliyechezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea Januari 2022 na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mvulana mmoja aliuliza, bila ubaya wowote, kama wachezaji walimtii. Tulilitumia swali lake kipindi kizima.

Suala la mahali pa kubadilishia nguo nalitaja kwa aibu, kwa kuwa linaonekana dogo kwa mtu asiyelihitaji. Chumba cha wavulana kilikuwepo uwanjani. Chetu kilikuwepo kwenye ramani. Kwa kweli kilikuwa kimegeuzwa stoo ya magodoro ya kurukia, na ufunguo wake alikuwa nao mtu ambaye kila tukimtafuta yuko mjini. Tulibadilisha nguo nyuma ya stoo hiyo, mmoja akishika leso imfiche mwenzake, kisha tunapokezana. Mwenzetu aliyevaa hijabu alianza kuja amevaa nguo za mazoezi ndani ya buibui tangu asubuhi, akikaa nazo kwenye joto la Kampala kutwa nzima. Shirikisho la soka la dunia liliruhusu hijabu uwanjani mwaka 2014 na la mpira wa kikapu mwaka 2017, lakini katika chuo chetu kulikuwa na mwalimu msaidizi aliyemwambia avue "kwa usalama". Alikuwa mmoja wa wale watatu walioondoka. Kuhusu masomo ya kukanda misuli na kushikana mwili wakati wa mazoezi nitasema moja tu: kumwuliza mtu kama anakubali kuguswa, na wapi, ni sehemu ya taaluma yenyewe, wala si heshima ya ziada, na anayehitimu bila kujifunza kuuliza hajahitimu.

Nimesikia hoja kwamba serikali imeshafanya yake, kwa sababu tangu mwaka 1990 wasichana wanaongezewa pointi 1.5 wanapoomba kuingia vyuo vikuu vya umma. Ninaushukuru mpango huo kwa moyo wote. Bila huo wengi wetu tusingefika. Lakini pointi 1.5 ni za mlangoni. Aliyeingia kwa pointi hizo, au hata yule aliyeingia bila kuzihitaji, akifika ndani anakuta watu wanaohisi kwamba amebebwa, na akishindwa kuruka kiunzi cha sentimita 91.4 hisia hiyo inapata ushahidi.

Nimesikia pia kwamba kozi ni ngumu kwa wote, na kwamba wavulana kutoka vijijini nao hujiona wageni mjini. Ni kweli, na sitaki kuibishia. Hata katika darasa letu kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakuwahi kuonekana mgeni siku hata moja. Alikuwa amecheza netiboli tangu shule ya msingi, katika nchi ambayo timu yake ya taifa ilishika nafasi ya tano duniani kule Cape Town mwaka 2023, na aliingia chuoni jembe lake likiwa begani. Tulipofika kwenye kipindi cha netiboli yeye ndiye aliyefundisha. Mvulana mmoja, mrefu kama nguzo ya umeme, alipangiwa kucheza mlinzi wa goli. Kila alipokosea, wasichana tulimcheka kidogo, tukamwambia kwa upole kwamba amejitahidi. Jioni alinifuata akaniambia, "Dada, saa mbili tu na nimechoka hivi." Sikuongeza neno. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza katika darasa lile kuelewa bila kuelezwa.

Kwa wanaotaka kusikia watafiti kabla ya kumsikia mwalimu wa Busia, wapo. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen wa Marekani walichapisha matokeo ya zoezi lao la muda wa saa moja hivi: wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisomeshwa maelezo ya waliowatangulia, kwamba kujiona hufai mahali pale ni jambo linalowapata wengi mwanzoni na kwamba hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Wanafunzi Weusi waliopitia zoezi hilo walipanda alama kwa miaka mitatu iliyofuata. Saa moja tu! Lakini jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023, la wanafunzi zaidi ya 26,000 katika vyuo 22, liliongeza sharti ambalo ni muhimu kwetu: zoezi hilo lilisaidia pale tu ambapo wanafunzi wa kundi husika walikuwa na nafasi ya kweli ya kuwa wenyeji. Pale ambapo chuo chenyewe hakikuwapa nafasi hiyo, maneno mazuri hayakufua dafu. Kwa hiyo sioni faida ya kuleta msemaji wa kututia moyo kila Machi 8 iwapo chumba cha kubadilishia nguo bado ni stoo.

Ninachoomba kwa wakuu wa idara hizo hakihitaji mkopo wa benki ya dunia. Kila mwanafunzi apimwe mwili wake mwenyewe katika maabara, nyuma ya pazia ikibidi, na kipimo chake kiwe sehemu ya alama, ili pasiwe na njia ya kuhitimu kwa kumwandikia mwingine muda. Kazi za kubeba, kupima, kuandika na kuonyesha zigawanywe kwa zamu iliyobandikwa ukutani, wala wavulana wasiruhusiwe kutuhurumia. Vifaa viwekwe kwa vipimo rasmi vya jinsia ya anayefanya mtihani. Mhadhiri anayemfundisha Akii-Bua, na amfundishe sana, awafundishe pia Inzikuru, Chemutai na Halimah Nakaayi, bingwa wa dunia wa mita 800 wa mwaka 2019, na awafundishe kama riadha, kwa mbinu zao, kasi zao na makosa yao, si kama kipindi maalumu cha wanawake. Na kila chuo kitangaze kila mwaka ni wasichana wangapi walioingia na wangapi waliomaliza, kwa kuwa takwimu za kuingia peke yake ndizo zinazomfanya mwandishi wenu aamini kwamba tatizo ni mapenzi.

Vyuo vyetu vinaweza kubadilika vikitaka. Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922, kilikuwa na kaulimbiu iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume. Mwaka 1945, walipopokewa wanawake sita wa kwanza, kaulimbiu hiyo iliachwa, ikachukuliwa inayotumika hadi leo, inayosema kwamba tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Hawakusubiri wanawake wafike nusu ya chuo. Walikuwa sita, na sisi tulikuwa saba.

Naandika barua hii kwa sababu ya msichana mmoja wa shule yetu, ambaye mwaka ujao anakusudia kuomba kozi ile ile, katika chuo kile kile. Anakimbia mita 1500 vizuri kuliko mvulana yeyote wa hapa, na hesabu anaziweza. Wiki iliyopita alinijia baada ya vipindi akiwa na fomu mkononi, na swali lake halikuwa juu ya ada wala ugumu wa masomo. Aliuliza, "Mwalimu, huko kuna mahali pa kubadilishia nguo?" Nilimwambia afunge leso mbili kwenye mizigo yake, moja ya kwake na moja ya mwenzake atakayemkuta.

Wako,
Mwalimu wa Elimu ya Viungo na Kiswahili,
Busia, Uganda